Msimu Mtaa wa Chini Ulipojitenga

Wiki iliyopita nilipanda Newala kutoka Masasi kwa lori la mtu ninayefahamiana naye. Nilikaa mbele na dereva, jambo ambalo tulikuwa tumeshalibishania na kulimaliza kabla hatujaondoka Mkomaindo, pale Masasi. Msimu ulikuwa unaanza, nami nilitaka kuziona korosho kwa macho yangu kabla hazijaonwa na wenye haraka kuliko mimi. Tulipokaribia Mkunya tairi la nyuma likaanza kulalamika. Dereva akashuka na spana, mimi nikashuka kunyoosha miguu, na hapo ndipo nilipoviona vibao viwili.

Kimoja kilisimama huku, kingine pale mbele kidogo, kila kimoja na jina la kijiji chake. Vyote viwili viliandikwa na mkono mmoja, maana herufi zilikuwa zimelalia upande uleule. Katikati yake ilipita safu ya minyaa, ile miti ya utomvu ya kupandia ua, mirefu kuliko lori letu, imenyooka kama imepigwa kamba.

Nikacheka peke yangu. Dereva akachomoza kichwa kutoka chini ya lori.

"Mama, kuna nini?"

Nikamwambia kwamba minyaa hiyo naijua tangu haijanifika gotini.

"Sasa hicho ndicho kinachochekesha?" akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Alisema kweli, hakichekeshi. Lakini wewe unanijua. Mimi hucheka kwanza, hesabu huja baadaye, na ikija huja mara mbili.

Nilikulia hapo kwa bibi yangu mzaa mama, wakati vile vijiji viwili vikiwa kijiji kimoja chenye Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Kijiji chenyewe hakikuota kama uyoga. Kabla sijazaliwa watu walikaa wametawanyika, kila ukoo kwenye mji wake, na mikorosho yake imeuzunguka. Kisha ikatoka amri ya kuhamia vijijini. Wakajenga kwa mstari kandokando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba, kama watu waliopangwa wakaguliwe. Nyumba zilihama. Mikorosho haikuhama. Ilibaki kule kwenye mahame ya zamani, tunayoyaita matongo, na kila mtu aliendelea kuifuata miti yake huko huko. Maana kwetu mti ni wa aliyeupanda. Mkorosho wa bibi yangu ungekuwa wa bibi yangu hata kama umeota mlangoni kwa mwenyekiti wa kijiji. Lishike hilo vizuri, maana sisi hatukulishika.

Kazi kubwa ya utoto wangu ilikuwa maji. Juu kule hakuna mto. Mwenye bati alichimba kisima uani, akakipiga saruji, akapokea maji ya mvua kutoka kwenye paa. Mwenye nyasi alituma watoto bondeni na ndoo. Bibi alikuwa na bati na kisima, na mfuniko wa kisima ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake, nami nilitumwa bondeni vilevile ili ya kisima yadumu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu. Ndonya yenyewe, kile kipande cha mti cha urembo, alishaacha kuivaa, ila maneno yaliyopita hapo yalitoka yakiwa yameshapimwa. Alihesabu kila kitu mara mbili: ndoo, kuku, watoto waliojipenyeza wakati wa chakula. "Hesabu ya kwanza ni yako," alikuwa akiniambia, "ya pili ni ya yule anayetaka kukuibia." Mpaka leo sokoni wananiita mkaidi, nami huwaambia waende wakamlaumu marehemu.

Msimu wa korosho tuliamka na baridi ya uwanda, umande ukitulowesha mapaja, tukaenda matongo kuokota. Unaokota bibo, unaliminya, unazungusha korosho inatoka. Utomvu wa mabibo uliingia kwenye gauni na haukutoka tena. Hewa yote ilinuka utamu uliochacha, na nzi walilewa kabla ya wazee. Jioni Bibi alikaanga kidogo za kula juu ya kipande cha pipa, moshi mweusi ukipaa, sisi tukisimama mbali kwa sababu mafuta yake huchuna ngozi. Nyingine zilisagwa zikatiwa kwenye kisamvu. Ugali wa muhogo, kisamvu, na baada yake ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, unatafuna huku unatema nyuzi. Sijawahi kula hotelini kitu kilichonifanya nisahau hayo, na hoteli nimekula.

Jirani yetu wa karibu kabisa alikuwa Mama Zaituni. Alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyekimbia vita ya kwao akiwa na bunda moja la kitenge kichwani na binti mmoja mkononi. Bibi alimpa jiko letu la zamani akae mpaka mvua ziishe. Mvua zikaisha, zikaja nyingine, hakuna aliyelitaja tena. Aliishi kwa kutwangia watu muhogo. Alipotwanga, mchi ulishuka kwa mwendo mmoja asubuhi nzima, hata sisi tukawa tunafagia kwa mdundo wake bila kujua.

Mwanzoni alitwangia kwenye kinu cha Bibi. Baadaye akadunduliza, akamwendea mchongaji, akatoa oda ya kinu chake mwenyewe, cha mninga, kikubwa cha kuinuliwa na wanaume wawili. Siku kilipoletwa Bibi alikizunguka, akakigonga kwa kidole huku na huku kama anayekagua ng'ombe, akasema, "Haya, sasa umekaa. Hakuna mtu anayekimbia na kinu." Mama Zaituni alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Zaituni na mimi tulikuwa rika moja. Tulichangia ndoo, chawa, na kitanda pale mvua ilipovujia kwao. Bibi alikuwa ameshatamka kwamba korosho zikiisha tutachezwa unyago pamoja, mkeka mmoja, na kwetu wanaochezwa mkeka mmoja hubaki ndugu mpaka kaburini. Nilikuwa nautaka msimu ule uishe upesi. Ukiniuliza nilitaka nini kingine duniani, nitakujibu hakuna. Nimetafuta mara mbili.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza chumvi na utambi yakajaa sabuni za kunukia na betri za redio. Mitumba ikapanda kutoka Masasi kwa marobota. Na korosho, ambazo miaka yote tuliziuza ushirika tu, sasa tukaambiwa tunaweza kumuuzia yeyote anayekuja na magunia yake.

Sasa, ushirika ulikuwa na ghala moja na mizani moja, na vyote viwili vilikuwa Mtaa wa Juu. Mizani ile ilikuwa na mapenzi. Gunia la mtu wa Juu lilipowekwa, mshale uliruka. Gunia la mtu wa Chini likawekwa, mshale ukasita kama bibi harusi. Mwenyekiti alikuwa wa Juu, karani alikuwa wa Juu, hata paka wa ghalani alikuwa wa Juu. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, mwenye duka na msemaji wa ukoo wetu, aligombea uenyekiti akashindwa. Wa kwetu walisema kura zile zilihesabiwa mara moja tu.

Siku moja akapita mnunuzi binafsi na Landrova. Mjomba akamweleza habari za mizani. Yule bwana, huku akipandisha kioo cha gari, akasema kwamba angeweza kutuwekea mizani yake, tatizo ni kwamba yeye hununua kwenye kijiji, hanunui kwenye mtaa. Nadhani alisema hivyo ili aondoke. Mimi mwenyewe nimewaambia wateja maneno mazito kuliko hayo ili waniachie mlango. Lakini Mjomba alirudi nyumbani na neno lile kama mtu aliyeokota almasi.

Akaitisha mkutano uwanja wa mpira. "Ndugu zangu, sisi ni mizigo ya watu?" akauliza. "Mizani yao. Ghala lao. Kesho likija bomba la maji, litakuwa lao. Mimi nasema tujitenge. Tuwe kijiji, na muhuri wetu, na heshima yetu."

Mikono ikanyooshwa kama mihogo shambani. Na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili nimelizungusha kichwani maisha yangu yote. Mjomba alikuwa na sababu yake: alitaka kuwa mwenyekiti wa kitu fulani kabla hajazeeka. Haikuwa siri, hata mbuzi wake walijua. Lakini waliomfuata hawakumfuata kwa sababu hiyo. Mwalimu wetu alinyoosha mkono kwa kuwa kijiji kipya kingetaka shule mpya, na shule mpya ingetaka mwalimu mkuu. Fundi baiskeli alikuwa amechoka kusukuma magunia kilima kizima. Mama aliyeuza uraka, ile pombe ya mabibo, alikuwa na kesi na mgambo wa Juu. Vijana walikuwa hawana la kufanya, na Mjomba aliwaahidi filimbi. Bibi yangu, mwenye akili zote zile, alinyoosha mkono kwa kuwa kwenye msiba mmoja mke wa mwenyekiti alisogeza mkeka asikae karibu na mdomo wake wenye tundu. Na mimi niliunga mkono kwa ajili ya bomba, maana nilikuwa nimechoka kubeba ndoo.

Hakuna wawili waliokuwa na sababu moja. Mjomba alichofanya ni kushika mdomo wa gunia, kila mtu akatia chake, halafu likashonwa na kuandikwa juu yake "heshima". Ukishalibeba gunia lililoshonwa, huwezi tena kumwonyesha mtu kilicho chako.

Jumamosi tukapanda minyaa. Mstari ulianzia barabarani ukashuka kati ya mitaa miwili mpaka ukapotea porini, na vijana wakawekwa pale penye njia, na filimbi zao. Na nikuambie jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisema: ilikuwa raha. Watu walisalimiana kwa sauti kubwa zaidi. "Shikamoo" yangu, ambayo zamani iliitikiwa na mtu anayetazama pembeni, sasa ilipata "marahaba, mwanakijiji." Watu ambao hawakupeana moto miezi mingi walipikiana. Mwalimu alitufundisha wimbo. Sisi watoto tuligawana nchi mbili na kupigana kwa mapapai yaliyooza, na kila mtu alitaka kuwa wa Chini. Zaituni peke yake hakucheza. Alikaa kando akatuwekea viatu.

Siku hizo Bibi hakutulia. Alikaa, akasimama, akafungua kisima, akafunga, akaenda kuangalia barabara. Asubuhi moja alijiegemeza kwenye mlango wa jiko la zamani, Mama Zaituni akiwa anatwanga, mimi na Zaituni tukichekecha unga.

"Mama Zaituni, siku ile mkutanoni hukunyoosha mkono."

"Mkono wangu umechoka na mchi, mama."

"Usinifanye mtoto. Watu wamekuona."

Mchi ukaendelea. Bibi akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja. Wafanyabiashara wengi walipunguza bei kwa ajili ya kungojwa tu.

"Kwani nyie kwenu mlianzaje?" akauliza mwishowe.

"Kila mtu alikuwa na sababu yake."

"Sababu gani?"

"Nzuri." Akapumzisha mchi juu ya ukingo wa kinu. "Baba Zaituni, serikali mpya ilimvua mjomba wake kiti cha ukoo, halafu ikatuhamisha kwa nguvu, tukaacha miembe na makaburi. Akakasirika. Walipokuja watu wa msituni wakasema tutawarudishia wakubwa wenu, akaenda nao. Mdogo wake, serikali ileile ilimpa shule. Hajapata kuona daftari maishani, akapewa. Akashika bunduki ya serikali. Wote wawili walikuwa wazuri, mama. Wote walikuwa wanakula kwangu."

"Nani alishinda?"

"Sijui. Mimi niliondoka bado wana sababu."

Bibi akapangusa mdomo kwa kiganja. "Ile ni nchi," akasema. "Hapa ni mtaa tu. Watu wa Juu tunawajua wote, tumewazaa wengine."

"Ndiyo, mama," akasema Mama Zaituni, na mchi ukaanza tena. Lakini mwendo wake haukuwa ule. Ulikuwa unakwenda, unasita, unakwenda. Zaituni alinitazama, nami nikajifanya naangalia ungo.

Mabibo ya kwanza yalipoanguka, ndipo kijiji chetu kipya kilipogundua kimefanya nini. Tulikuwa tumegawa nyumba. Mikorosho hatukuigawa, wala haigawiki. Ya Bibi yote ilikuwa matongo ya upande wa Juu. Ya mwenyekiti wa Juu ilikuwa nyuma ya choo cha Mjomba. Hakuna ukoo ambao miti yake ilikuwa yote upande wake. Watu wazima, waliozaliwa chini ya miti hiyo, walikuwa wamepiga kura kana kwamba mkorosho hufuata kitanda cha mwenyewe.

Siku za mwanzo ilikuwa kichekesho. Watu walisimama huku na huku ya minyaa wakiitana. "Shemeji, niokotee zangu, nami nikuokotee zako." "Za kwako ni ndogo, nitapata hasara." "Ulivyooa kwetu hukuona kuwa sisi ni wadogo?" Wakacheka. Kisha vijana wa Juu wakaanza kudai bakuli moja kutoka kila kikapu kinachopita, eti ushuru. Vijana wetu nao wakadai mawili. Kisha mtu akasema korosho zake zimeokotwa na asiyezipanda. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu, ni afadhali utukanwe mama. Wimbo wa mwalimu ukaongezewa ubeti ambao hatukuruhusiwa kuuimba mbele ya wazee, na wazee wakawa wanauimba.

Mchana mmoja fundi baiskeli alirudi kutoka matongo ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, damu ikipita kati ya vidole. Aliyempiga panga ni kaka wa mke wake, kwa ajili ya debe la korosho ambalo wote wawili waliapa ni lao. Mkewe alitoka nje, akamwona mumewe, akasikia jina la kaka yake, akakaa chini palepale barabarani. Hakulia. Hakujua amlilie nani.

Mjomba akagonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shule. Wanaume wakaja na mapanga, wengine na mipini ya majembe. "Leo ni leo," akasema Mjomba, na nilimwona usoni kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba alishafika mahali ambapo kuogopa hakumsaidii. Bibi alikuwa anapiga vigelegele pamoja na wanawake wengine. Bibi yangu yule.

Mimi nilirudi mbio nyumbani kuchukua maji ya kumwosha fundi. Kwenye jiko la zamani kamba ya nguo ilikuwa tupu. Mama Zaituni alikuwa ametandaza kitenge kikubwa sakafuni, anapanga vitu juu yake bila haraka: sufuria, chumvi, nguo za Zaituni, kipande cha sabuni kimefungwa kwenye ganda la hindi. Hakuuliza nini kimetokea. Alisikia kengele, ikamtosha. Zaituni alisimama pembeni akiwa amevaa gauni zake zote, moja juu ya nyingine, kwenye jua lile.

Nikakimbia kumwita Bibi. Nilimvuta khanga mpaka akakata kigelegele katikati. Alipofika akasimama mlangoni, akaona kitenge. Kisha akafanya alichokijua. Akaanza kupatana.

"Kaa. Nitakupa chumba cha ndani, chenye bati."

Mama Zaituni akafunga pembe mbili za kitenge.

"Nitakupa ufunguo wa kisima. Uchote bila kuniuliza."

Hata mimi nikashtuka. Ufunguo ule mama yangu mzazi hakuwahi kuushika. Bibi aliutoa shingoni, akaunyoosha mbele kwenye kiganja.

"Mtoto wako atachezwa na mtoto wangu. Ngoma yote juu yangu. Sema basi unataka nini. Mama Zaituni, taja."

Mama Zaituni akafunga pembe mbili zilizobaki, akajaribu fundo kwa kulivuta. Kisha akauchukua mkono wa Bibi, akavifunga vidole vyake juu ya ufunguo wake mwenyewe, akaurudisha taratibu. Alikitazama kinu chake, akakiinamisha kidogo kidogo, akakigeuza mdomo chini ili mvua isiingie.

"Nitakuja kukichukua," akasema.

Zaituni akanivua kamba ya shanga niliyovaa mkononi, akanivalisha yake. Basi. Hatukujua namna nyingine.

Barabara ilipita katikati ya wale wanaume. Akapita humohumo, bunda kichwani, mtoto mkononi, vilevile alivyokuja. Mjomba akamzuia.

"Mama Zaituni, unakwenda wapi? Hii ni vita ya sisi kwa sisi. Wewe haikuhusu."

"Hata ile ya kwanza haikunihusu, baba," akasema, akaendelea kushuka njia ya Masasi.

Wakabaki wanamtazama mgongo. Mtu mmoja akashusha panga lake, akaanza kulikwangua udongo kwa kucha kana kwamba alitoka nyumbani kwa kazi hiyo. Kuna watu kule mpaka leo husema kwamba mama yule mkimbizi ndiye aliyezuia damu. Ni hadithi nzuri, nami huwaacha waisimulie. Lakini mimi nilikuwepo, na nimehesabu mara mbili: waliorudi nyumbani kwa ajili yake hawakujaza hata benchi. Wengine walirudi kwa ajili ya wingu. Lilikuwa limejaa upande wa mashariki, jeusi, na kila mtu alikuwa na korosho zake zimelala chini ya miti upande wa pili, na korosho ikinyeshewa hukauka imebadilika rangi, hakuna mizani itakayoipenda, iwe ya Juu au ya Chini. Mjomba aligonga rimu tena. Walishaanza kutawanyika.

Kesho yake wanawake wa mitaa yote miwili walipita kwenye minyaa na vikapu vyao, hawakumsalimu kijana yeyote mwenye filimbi. Fundi baiskeli alipona, ila vidole viwili havikukunja tena. Shemeji yake alimlimia misimu iliyofuata, bila maneno. Mjomba alirudi kwenye duka lake, na watu wakaendelea kununua kwake, kwa kuwa waliokuwa wamemfuata hawakutaka kukumbushwa. Mwenye Landrova alikuja akanunua pale pale ghalani. Mizani yake nayo ilikuwa na mapenzi, ila ilijipenda yenyewe.

Bibi alitafuta habari kwa kila gari lililoshuka. Mara tukasikia wako Chiwata kwa watu wa ukoo wao. Mara wako Masasi, Mama Zaituni anatwangia watu karibu na hospitali. Bibi akatuma salamu kwamba kumetulia. Jibu lililorudi lilikuwa salamu tu. Halafu vita ya ng'ambo ikaisha, na wakimbizi wakaanza kuvuka Ruvuma kurudi, na watu wakatuambia wamemwona kivukoni na bunda. Mimi nilichezwa mwaka uliofuata, na msichana ambaye jina lake siku hizi hulisahau.

Nilihamia Masasi kwa ajili ya biashara. Ndivyo ninavyosema. Wakija wanawake wa Msumbiji na vitenge vyao vya kuuza, mimi hupatana nao muda mrefu kuliko bidhaa inavyostahili, na katikati ya kupatana huuliza habari za mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kumjua. Bunda lililofungwa sina, lakini usiku siwezi kulala kabla sijajua kitenge changu kikubwa kiko wapi. Uchaguzi ukija, vipaza sauti vikianza kuzunguka na neno heshima, mimi hutoka nje nikasikiliza sauti ya mitaani, watu wanasalimianaje. Wakianza kusalimiana kwa furaha kupita kiasi, siku hiyo sifungui duka mapema.

Dereva alikuwa bado na tairi lake. Kijana mmoja akaja na korosho zake kwenye ndoo, tukapatana, akakasirika, tukapatana tena. Nikamuuliza minyaa ile ni ya nini.

"Ya kuzuia mbuzi," akasema.

"Na vijiji viliachana lini?"

"Serikali ilivigawa tu. Tulikuwa wengi. Walikuja wakapima, wakaweka kibao." Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza habari za hali ya hewa ya mwaka juzi. "Kwani mama, ni mwenyeji?"

Nikamwambia nilikuwa mwenyeji. Nyumba ya Bibi haipo, bati liliuzwa, kisima kimefukiwa, na pale palipokuwa na jiko la zamani kuna mtu anafuga kuku. Mjomba amelala upande wa Juu, kwa sababu makaburi ya ukoo wetu yako kule kwenye matongo, na yeye kama mikorosho hakuulizwa.

Kinu ninacho mimi. Bibi hakukitumia hata siku moja, wala hakuruhusu kuku akilalie, na alipofariki nilikishusha Masasi kwa lori, nikalipia nafasi yake kama abiria. Kiko uani kwangu, chini ya upenu, mdomo chini. Ni mninga mzuri, huo hauchongwi tena siku hizi. Watu wanaokuja kununua vitu kwangu hukiona, hukigonga kwa kidole, halafu hugeuka kuniuliza bei. Na mimi, ambaye nina bei ya kila kitu mpaka kiti nilichokalia, huwajibu kwamba mwenyewe atakuja kukichukua.